Vijana wa Isevya, Mtaji Mnao

Kila mwisho wa wiki hapa Isevya, Tabora, kuna kamera iko kazini. Iko kwenye ndoa, iko kwenye kipaimara, iko kwenye maulidi, iko kwenye mahafali ya kidato cha nne. Kijana aliyeishika anajua mengi kuliko anavyojidhania. Anajua pa kusimama asimzibe mama mkwe. Anajua ni shangazi yupi atakayeanza kulia, na anamngoja. Umeme ukikatika, taa ya akiba iko begani. Jumatatu anafungua kompyuta, anakata, anaunga, anaweka muziki, anakabidhi kazi na kudai salio lake. Muulize kwa nini hajatengeneza filamu yake mwenyewe, filamu ya makala inayohusu watu halisi na maisha yao, atakujibu bila kufikiri: vifaa sina, mfadhili sina, na Tabora ni mbali.

Nambishia. Nambishia yeye, na dada yake anayeandaa vipindi redioni, na mdogo wao aliyeijaza simu vipande vya video vya nusu dakika. Vifaa huazimwa na hukodiwa. Mfadhili hutafutwa. Umbali siku hizi ni suala la bando. Kitu adimu kuliko vyote katika kazi hii hakiuzwi Kariakoo wala hakiombwi ubalozini. Ni mlango wa mtu kufunguliwa kwa hiari yake, leo, mwezi ujao na mwaka ujao, mpaka mwenye nyumba asahau kwamba kuna kamera ndani. Watengenezaji filamu wa mbali huhangaikia fedha muda mrefu ili wapate wiki chache za kukaa karibu na mtu ambaye wewe unamwamkia kila asubuhi ukienda dukani. Ukaribu huo ndio mtaji wa filamu ya makala. Isevya mnao, na umelala.

Ifuate ile njia

Ichukue njia ya zamani ya misafara, kutoka visiwani hadi Kongo, uone filamu zilivyojipanga juu yake. Unguja kuna tamasha la ZIFF, ambalo tangu mwaka 1998 limekuwa likionyesha filamu za nchi za jahazi ndani ya Ngome Kongwe. Ukivuka bahari, Bagamoyo kuna TaSUBa, chuo cha sanaa cha serikali. Ruka Tabora kwanza. Nenda Ujiji, vuka ziwa, pita Manyema, ufike Kisangani. Huko ndiko mwaka 1887 Tippu Tip, ambaye baba yake alikuwa na makazi Ituru karibu na Tabora, alipofanywa gavana kwa niaba ya dola ya Mfalme Leopold. Na huko huko Kisangani ndiko alikozaliwa Dieudo Hamadi.

Hamadi alianza kusomea mambo ya tiba, kisha akageukia kamera. Hakukimbilia Paris kutafuta kisa. Kisa kilikuwa kwao. Mwezi Juni mwaka 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana siku sita ndani ya mji wa Kisangani, yakaacha maiti na watu waliokatika miguu na mikono. Miaka ikapita, fidia haikufika. Majeruhi wale wakaamua kushuka Mto Kongo kwa boti hadi Kinshasa wakadai haki yao wenyewe, na Hamadi akapanda boti pamoja nao. Filamu iliyotokana na safari ile ilichaguliwa na tamasha la Cannes mwaka 2020. Kamera nzuri zinapatikana kote duniani. Mtu ambaye majeruhi wa Kisangani wangemwita ndugu na kumpa nafasi ya kulala kando yao kwenye boti hapatikani kote.

Sasa rudi Tabora, ile tuliyoiruka. Njia nzima ilipita hapa. Burton na Speke walifika hapa, enzi hizo Kazeh, Novemba 1857. Stanley na Livingstone walikaa pamoja Kwihara mwaka 1872, kilomita chache tu kutoka unaposoma makala hii, kwenye lile tembe ambalo leo ni makumbusho. Wote hao waliandika. Hollywood ikaongezea filamu mwaka 1939, Spencer Tracy akiigiza kama Stanley. Kwa zaidi ya miaka 150 dunia imeijua Tabora kwa macho ya wapita njia.

Lakini pale pale Kwihara kuna kisa kingine, na huyu aliyekiandika nataka umkumbuke. Oktoba 1873 Chuma, Susi na wenzao waliomtumikia Livingstone walifika wakiwa wamebeba maiti yake kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo. Walimkuta Mwingereza Cameron, naye akawashauri wamzike hapo hapo Unyanyembe. Wakakataa, wakaibeba mpaka pwani. Miongoni mwao alikuwemo Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa India katika shule ya wamisionari. Ndiye aliyechonga maandishi kwenye mti pale moyo wa Livingstone ulipozikwa. Ndiye aliyeandika shajara ya safari ile kwa mkono wake, na Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza ndani ya Westminster Abbey, London. Baadaye alirudi Afrika Mashariki, akafia Urambo mwaka 1892. Urambo, jirani zako hapo!

Wainwright hakuwa mkuu wa msafara wala mwenye mali. Alikuwepo, na alikuwa na kalamu. Sifa hizo mbili zimetosha kufanya neno lake lisikike mpaka leo. Wewe upo, na kalamu yako ni ile simu uliyoishika.

Walioanza na cha karibu

Mwaka 1992 Mtanzania mwenzetu Flora M'mbugu-Schelling alitoa filamu ya dakika 45 iitwayo These Hands. Alikwenda kwenye machimbo ya kokoto ya Kunduchi, pembezoni mwa Dar es Salaam, kwa kina mama wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa wakiishi kwa kupasua mawe. Hakuweka sauti ya msimulizi. Hakumkalisha mtaalamu wa uchumi mbele ya rafu ya vitabu. Kuna nyundo inagonga jiwe, inagonga tena, inagonga tena. Kuna wimbo unaozuka katikati ya kazi na kunyamaza. Mtazamaji anakaa na mlio ule mpaka anaanza kuuhisi kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe, na hapo ameelewa bei ya kokoto kuliko ambavyo ripoti yoyote ingemweleza. Filamu ile bado inatajwa na walimu wa sinema, ilhali yote ilifanyika mahali ambapo malori ya Dar es Salaam yalikuwa yanapita kila siku kufuata mzigo.

Nenda Kitui, Kenya. Kisilu Musya ni mkulima. Alipata kamera akaanza kurekodi shamba lake, mke wake na watoto wake: ukame, kisha mvua iliyopita kiasi, kisha dhoruba iliyoiharibu nyumba yake. Alirekodi kwa miaka. Akishirikiana na Julia Dahr kutoka Norway, kazi yao ikawa filamu Thank You for the Rain ya mwaka 2017, na mwaka 2015 safari ile ilikuwa imeshamfikisha Paris kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi. Wanasayansi waliofika pale walikuwa wengi. Mkulima mwenye picha ya paa la nyumba yake mwenyewe likiwa limeng'olewa na upepo alikuwa na jambo ambalo chati haina.

Pwani ya Kenya, Maia Lekow na Christopher King walitengeneza The Letter, filamu ya mwaka 2019 kuhusu bibi mzee anayetuhumiwa uchawi ndani ya ukoo wake na mjukuu anayerudi nyumbani kutafuta ukweli. Isome tena sentensi hiyo ukiwa Tabora. Kanda yetu hii, pamoja na Shinyanga, Mwanza na Geita, imezika bibi zetu waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyounguzwa na moshi wa kuni walizotupikia. Nani anaweza kuingia kwenye nyumba yenye jeraha kama hilo na asifukuzwe? Mgeni mwenye mkalimani atapewa maneno ya adabu, ataondoka nayo. Mjukuu atapewa ukweli, kwa shida na kwa muda mrefu, lakini atapewa.

Na mwaka 2024 Cece Mlay wa Tanzania, pamoja na Agnes Lisa Wegner wa Ujerumani, walipeleka The Empty Grave kwenye tamasha la Berlin. Inafuata familia ya Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wakikitafuta kichwa cha mzee wao kilichopelekwa Ulaya. Kisa hicho kilitunzwa na familia kwa zaidi ya karne moja kabla kamera haijafika. Hapa Unyanyembe tunaye Mtemi Isike, ambaye Januari 1893 alilipua baruti ndani ya boma lake kuliko kutekwa hai na Wajerumani. Ukoo wa kitemi upo. Masimulizi yapo. Mwenye kuyafuata nyumba kwa nyumba, kwa subira, ndiye anayesubiriwa.

Jibu la filamu ni filamu

Wengi mnaikumbuka ile Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004 na kuuonyesha ulimwengu Mwanza ya mapanki na ndege za mizigo. Ilifika mpaka kuteuliwa kuwania Oscar. Mwaka 2006 Rais Kikwete aliilalamikia hadharani, na Watanzania wengi walikasirika pamoja naye. Hasira ilikuwa haki yetu. Lakini hasira haipangiwi ukumbi wala haikatiwi tiketi. Waliotaka kuijua Mwanza waliendelea kutazama kilichokuwepo.

Mwanza ni mwisho wa reli inayochepuka hapa stesheni kwetu. Kesho atashuka mtu na begi lake la kamera Tabora. Ataona reli mpya ya SGR ikijengwa karibu na ile ya zamani iliyotufikia mwaka 1912. Ataona misitu ya miyombo ikikatwa kukaushia tumbaku. Atarekodi, ataondoka, na atakachokisema kitakuwa sisi. Huenda atasema vizuri. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ila mwenyeji akikaa kimya miaka yote, asimlaumu mgeni kwa kuzungumza peke yake.

Na mengine hayangoji mgeni wala mwenyeji. Mji huu uliwahi kuchezesha nchi nzima: Kiko Kids ya Salum Zahoro, Nyanyembe Jazz, Tabora Jazz. Shem Karenga, sauti ya Tabora Jazz, alifariki mwaka 2014. Walionunua tiketi mlangoni kumsikiliza, waliocheza mpaka alfajiri, waliomshonea suti, wamo vijiweni wanakunywa kahawa. Kila mwaka kiti kimoja kinabaki wazi. Hakuna ruzuku itakayomrudisha mzee ukaenda kumuuliza swali ulilokuwa unalisogeza mbele.

Kazi yenyewe, asubuhi moja

Tuseme umemchagua mrina asali. Anaishi Isevya, mizinga yake iko porini. Siku ya kwanza nenda bila kutoa simu mfukoni. Mwangaluka, shikamoo babu, kaa. Kula matobolwa ukikaribishwa. Mweleze unachotaka kufanya, nani ataiona, na kwamba akisema acha, utaacha. Akikubali, rudi.

Siku ya pili fika mapema, jua halijawa kali. Mweke mahali pa kivuli, wewe uwe na ukuta wa nyumba mgongoni ili mwanga usikuchezee. Weka simu katika hali ya ndege, maana ikiita katikati ya machozi ya mtu umeharibu kisichorudi. Kisha funga macho usikilize ua. Redio ya jirani? Omba ipunguzwe. Pikipiki inawashwa? Ngoja iondoke. Jogoo? Mwache, yeye ni mwenyeji. Simu ya pili igeuze kinasa sauti: izungushie leso, iingie mfuko wa shati la babu, karibu na kifua. Picha ikitikisika kidogo watu husamehe. Sauti ikikwaruza hawasamehe, wanazima.

Sasa swali. Ukimwambia "Babu, tuambie historia ya urinaji asali Tabora," atakupa hotuba ya mgeni rasmi. Mwulize: "Babu, mzinga wa kwanza uliupandisha mti gani?" Halafu nyamaza. Atajibu kwa ufupi, atatazama pembeni. Usimrukie na swali la pili. Kaa kimya mpaka ukimya ukuonee aibu. Mara nyingi kile ulichokuja kukitafuta kinatoka baada ya hapo, mzee akiwa anadhani mmeshamaliza.

Wakati anasema, piga picha ya mikono. Jinsi anavyosokota kamba. Kovu la mwiba wa nyuki lilipo. Jinsi anavyoonja asali na kuitema kidogo ardhini kabla hajakuambia ni ya maua gani. Kisha mfuate porini usiku anapopanda na mwenge wa moshi. Hapo ndipo ukaribu unapolipa: mtu hampandishi mpita njia mtini gizani, ila mjukuu wa jirani atamruhusu ashike kamba.

Rudi tena. Rudi msimu wa mvua, rudi mizinga ikiwa mitupu, rudi siku anapouza. Filamu ya makala ni mabadiliko ndani ya muda, na muda ndicho kitu pekee ambacho mkazi wa Isevya anacho kwa wingi kuliko kampuni yoyote kubwa.

Haki na fedha

Ukaribu una deni. Ukiaminiwa, usiuze. Rekodi ridhaa ya mtu kwa kauli yake mwenyewe, umwonyeshe ulichokata kabla hujakionyesha kwa wengine, usimwanike mtoto, na mwenye jambo zito mwache achague jina lake lisitajwe. Mtaa hausahau, na wewe utaendelea kuishi humo. Ulinzi huo ndio utakaokufungulia mlango wa pili na wa tatu.

Vibali visikutishe. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali cha Bodi ya Filamu, basi anza kwa Afisa Utamaduni wa Manispaa, umwone kabla hujaanza, akuelekeze. Droni ina vibali vyake. Na kwa filamu ya kwanza, iache. Hakuna bibi aliyewahi kulia mbele ya droni.

Fedha? Anza na zako. Wewe wa harusi, kila ukilipwa, tenga siku moja na posho yake kwa ajili ya filamu yako. Kadi ile ile, betri zile zile, maiki ile ile. Ukishakuwa na dakika kumi zinazoeleweka, una kitu cha kumwonyesha mfadhili. Nairobi kuna Docubox, mfuko ulioanzishwa na mwongozaji Judy Kibinge kusaidia filamu za makala za Afrika Mashariki. Mifuko ya namna hiyo haimtafuti mtu mwenye kamera ghali. Inatafuta mtu mwenye kisa ambacho hakuna mwingine angeweza kukifikia. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na wewe uvungu wenyewe ni wa nyumba ya bibi yako.

Pa kuonyesha napo pasikusumbue. Vibanda umiza vimelea watazamaji wetu kwa miaka, na madijei wanaotafsiri filamu za nje wametufundisha kwamba watu wetu wanapenda kusimuliwa kwa Kiswahili chao. Ongea na mwenye kibanda akupe saa moja kabla ya mechi. Tundika shuka jeupe uani. Watazamaji wako wa kwanza wawe wale uliowarekodi na majirani zao, kwa sababu wao ndio watakaokuambia pale ulipodanganya. Filamu ikipita kwa hao, ipeleke Unguja, ipeleke Nairobi, ipeleke unakotaka. Mcheza kwao hutunzwa.

Basi tafuta wenzako watatu, muwe wanne. Mmoja mwenye jicho, mmoja mwenye sikio, mmoja anayejua kukaa na wazee, mmoja mwenye kompyuta na moyo wa kukesha. Kaeni leo jioni mtaje mtu mmoja, jina kamili, mtu ambaye mkimwendea kesho atawakaribisha ndani. Mkishalitaja jina, mmeshapata filamu. Kilichobaki ni kazi, na kazi hamjawahi kuiogopa. Wanyamwezi walibeba pembe na mizigo ya watu wengine kutoka hapa mpaka baharini, kwa miguu, miezi mizima njiani. Safari hii mzigo ni wenu wenyewe. Ubebeni!